Duara la Ngoma Lina Wenyewe

Kama ulikuwa msikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, bila shaka unaukumbuka mlio wa ngoma uliotangulia taarifa ya habari. Ngoma zile zilipigwa na Mzee Morris Nyunyusa, msanii kipofu aliyezipanga ngoma nyingi mbele yake na kuzipiga zote peke yake. Zilipolia, watu majumbani walinyamaza. Aliyekuwa akisimulia alikatiza, watoto waliambiwa watulie, na mzee wa nyumba alisogeza kiti karibu na redio. Hakuna askari aliyesimama mlangoni kuulazimisha ukimya huo. Ngoma ilikuwa imeita, na kila mtu alijua wajibu wake.

Mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu jambo hilo hilo, yaani adabu ya ngoma: nani anaingia katika duara, anaingiaje, anafanya nini akiwa ndani, na anatoka lini. Nimelichagua kwa sababu ya yale ninayoyaona mijini. Kikundi cha ngoma hukodiwa kwa robo saa ili kumpokea mgeni rasmi au kuwasindikiza maharusi. Kabla wapigaji hawajapata joto, mtu mwenye simu yake amekwisha simama katikati anapiga picha. Mwingine anamnyang'anya mpigaji ngoma na kuitwanga apendavyo. Wa tatu ametoa noti moja na sasa anadai wimbo ubadilishwe. Wakiulizwa, hujibu kwamba ngoma ni ya wote.

Je, ni kweli? Ngoma ni ya wote, sikatai. Lakini duara lina wenyewe, na wenyewe hao wana sheria zao. Sheria hizo hazikuandikwa mahali popote, walakini zimewashughulisha wafalme, magavana na marais. Mambo ambayo wakubwa huyahangaikia namna hiyo aghalabu si madogo.

Tuanze na duara lenyewe. Katika ngoma zetu nyingi wapigaji hawafanyi kazi moja. Yupo anayeshika mapigo na kuyarudia bila kuchoka. Yupo anayejibu. Na yupo mwenye ngoma kuu, ambaye ndiye hubadilisha mwendo, huwaita wachezaji na hufunga. Huku Pwani tunazo chapuo, ngoma ndogo yenye sauti kali, na vumi, ngoma yenye sauti nzito. Anayeshika mapigo huonekana kama hana kazi kubwa, lakini akiyaacha ili naye aonyeshe ufundi wake, wachezaji wote hujikwaa. Adabu ya kwanza basi ni kuijua kazi ya ngoma uliyopewa, na kuifanya hata kama hakuna anayekutazama.

Adabu ya pili ni zamu. Mchezaji huingia katikati, huonyesha alichonacho, kisha hutoka ili mwenzake apate nafasi. Anayeng'ang'ania katikati huchekwa hata kama ni fundi. Adabu ya tatu ni kuitikia. Manju akitoa wimbo, walio kando hawasimami kama nguzo za umeme. Wanazo sauti na wanayo makofi, na bila wao wimbo haupo. Adabu ya nne ni tuzo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtunzaji huingia kwa heshima, humtunza mchezaji, kisha hurudi mahali pake. Fedha yake ni shukrani, wala haimfanyi kuwa manju. Adabu ya tano inahusu chombo chenyewe. Ngoma imechongwa, imewambwa ngozi, na imepashwa moto mpaka ikakaza. Haikaliwi, hairukwi, wala haiguswi bila ruhusa ya mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Pwani kurekodi ngoma kwa ajili ya kipindi. Nilikuwa na kinasa sauti na barua ya ofisi. Manju wa kikundi kile alikuwa mama wa makamo. Aliisoma barua, akaikunja vizuri, akanirudishia. Kisha akaniuliza chombo changu kinafanya kazi gani. Nikamwambia kinasikiliza. Akasema, kama kinasikiliza basi mahali pake ni upande wa waitikiaji; katikati ni pa wanaocheza. Akanionyesha kwa kidole pa kukaa. Tulipofungua mkanda ule studio tulikuta kila ngoma inasikika kwa kiasi chake, na sauti ya kila muitikiaji imo. Mama yule hakuwahi kuingia studio, lakini kupanga sauti alikujua kuliko sisi tuliosomea.

Sasa turudi nyuma katika historia, maana adabu hizi zina uhusiano mkubwa na utawala.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ngoma ilikuwa alama ya enzi. Kisiwani Unguja, Mwinyi Mkuu aliyekaa Dunga alikuwa na siwa yake na ngoma zake, na vitu hivyo vilihifadhiwa kama wengine wanavyohifadhi taji. Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki mwaka 1873, lakini siwa na ngoma zake zilihifadhiwa baadaye katika makumbusho ya Zanzibar. Huko Burundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma, na ufalme. Mapigo ya ngoma za mfalme yalisikika katika sherehe ya umuganuro, wakati mfalme alipofungua msimu wa kupanda mtama. Wapigaji walitoka katika koo maalumu. Pale Gishora, karibu na Gitega, pako mahali patakatifu pa ngoma tangu zama za Mfalme Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908.

Hata jinsi Warundi wanavyojipanga inafundisha kitu. Ngoma kuu, inayoitwa inkiranya, hukaa katikati. Nyingine huizunguka kwa nusu duara: zipo amashakwe, zinazoshika mapigo yasiyokatika, na zipo ibishikizo, zinazomfuata wa katikati. Wapigaji hupokezana, mmoja hutoka pembeni, hucheza, huipiga ngoma ya katikati, kisha humpisha mwenzake. Ngoma ya mfalme ilikuwa moja, lakini aliyesimama mbele yake alibadilika kila mara. Wenye ufalme nao walijua zamu.

Hata hivyo nisije nikaeleweka kwamba zamani kila kitu kilikuwa cha haki. La hasha. Duara lilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu. Katika miji ya mwambao ya karne ya 19, kama Pangani na Bagamoyo, ngoma na karamu zilikuwa njia ya watu wakubwa kushindana na kuonyeshana ukubwa. Kuingia katika chama cha ngoma kulitaka ada na kulisha watu. Mgeni kutoka bara, na mtumwa zaidi, alikuwa na kazi kubwa kupata mahali. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, aliandika habari za ngoma kwa kirefu katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903. Ukimsoma utaona kwamba ngoma haikuwa mchezo tu. Ilikuwa njia ya kujua nani ni nani mjini.

Waliofungiwa mlango walifanya nini? Hawakuvunja ngoma za wenzao. Walianzisha duara lao. Baada ya utumwa kupigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa walijitokeza katika ngoma na katika mavazi ambayo zamani hawakuruhusiwa, wakidai nao wahesabiwe kuwa watu wa mji. Kule Mombasa wanawake walikuwa na vyama vyao vya lelemama, vyenye viongozi, vyeo na ushindani mkali wa nyimbo na karamu. Nyimbo hizo zilijaa mafumbo. Mtu akifanya jambo la aibu aliweza kulisikia likiimbwa bila jina lake kutajwa, na adabu ilimtaka ajibu kwa wimbo, si kwa fimbo.

Katika miaka hiyo ya 1890 ikazuka ngoma ya beni. Vijana wa mwambao wa Kenya waliziangalia bendi za askari wa Kizungu, wakachukua paredi, sare na tarumbeta, wakavitia katika ngoma. Beni ikashuka Tanganyika, na Vita Kuu ya Kwanza ikaipeleka mbali pamoja na askari na wapagazi. Kukawa na pande mbili mashuhuri, Marini na Arinoti, zilizoshindana mji baada ya mji. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake, tangu mfalme na jenerali mpaka askari wa kawaida. Mzungu aliyepita aliona watu wanaoiga na akacheka. Lakini nyuma ya maigizo hayo palikuwa na kazi. Mwanachama aliyehamia mji mgeni aliwakuta wenzake wa kumpokea. Akiugua aliangaliwa, akifa alizikwa kwa heshima. Kwa mtu aliyeiacha kwao akaja kutafuta kibarua bandarini au relini, duara hilo ndilo lilikuwa ukoo wake.

Serikali za kikoloni zikaanza kutazama kwa jicho la pili. Watu wasiokuwa na kura wala baraza wamewezaje kujipanga kutoka mji hadi mji, wakitii viongozi waliojichagulia wenyewe? Wakati wa Wajerumani na baadaye Waingereza, mtu wa mjini aliyetaka kucheza ngoma alitakiwa kuchukua kibali kwa wakubwa. Mwaka 1935, wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walipogoma, tume ya uchunguzi ilichunguza pia chama cha Mbeni, yaani beni ile ile iliyokwisha fika huko, kujua kilikuwa na mkono gani katika mgomo. Watawala walihisi kitu ambacho sisi wenyewe tunakisahau: watu wanaojua kupokezana zamu na kuitikia kwa pamoja wanaweza kufanya mengi zaidi ya kucheza.

Ushahidi mkubwa uko hapa hapa Dar es Salaam. Chama cha TANU kilizaliwa Julai 1954, lakini mwaka wa kwanza wanawake waliojiunga walikuwa wachache sana. Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza sehemu ya akina mama iko wapi. Kazi hiyo akapewa Bibi Titi Mohamed. Na Bibi Titi alikuwa nani? Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuwa na ofisi wala motokaa. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama, wale ambao walikuwa na desturi ya kupashana habari, kuchangishana na kuitika wanapoitwa. Katika muda wa miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha TANU.

Hebu tujiulize, ingewezekanaje kama wanawake wale hawakuwa wamezoea duara? Walijua mweka hazina ni wa kuaminiwa. Walijua kiongozi akiita huitikiwa. Hayo yote walikuwa wameyafanya miaka mingi katika ngoma. Siasa ilikuta nyumba imekwisha jengwa.

Baada ya Uhuru serikali yetu wenyewe ikaigeukia ngoma, na safari hii kwa nia njema. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoanza kuwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wetu wengi walijua rumba, chachacha na fokstroti, lakini hawakujua hata majina ya ngoma kama gombe sugu, kiduo na lelemama. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni taasisi iitwayo TaSUBa. Kazi iliyofanyika haina budi kushukuriwa. Ngoma ambazo zingekufa na wazee wake zimepata walimu, na Mtanzania wa kaskazini amepata kuiona sindimba ya Wamakonde wa kusini.

Lakini kila jambo lina gharama. Jukwaa lina upande mmoja tu wa watazamaji, kwa hiyo duara likafunguliwa na wachezaji wakapangwa mstari, nyuso kwa mgeni rasmi. Ngoma iliyokesha ikakatwa ikawa ya dakika kumi. Na aliyekuwa muitikiaji akawa mtazamaji mwenye kiti na tiketi. Hapo ndipo adabu zilipoanza kupotea, kwa sababu mtu aliyekaa kitini hana zamu ya kungojea wala wimbo wa kuitikia. Ana makofi ya mwisho tu.

Si kila mahali mambo yalikwenda hivyo. Usukumani pande mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, zimeshindana tangu karne ya 19. Siku ya mashindano makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja na duara lake. Watazamaji huhama kwa miguu yao kutoka huku kwenda kule, na kundi lenye umati mkubwa ndilo mshindi. Wacheza bugobogobo wataruka na majembe, watarusha vitu hewani, watafanya kila mbinu ya kuwavuta watu, lakini hawaendi kuzipiga teke ngoma za wenzao. Ni uchaguzi ulio wazi, kura zake ni miguu, na aliyeshindwa hurudi nyumbani kujiandaa kwa mwaka ujao.

Nilitaja Burundi hapo juu, na sasa narudi huko kwa sababu kuna funzo la karibu zaidi. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, lakini ngoma zilibaki, zikatembea duniani, na mwaka 2014 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Kisha Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza akatia saini amri. Wanawake wakakatazwa kupiga ngoma hizo. Vikundi vikatakiwa kujiandikisha wizarani. Kupiga nje ya sherehe rasmi kukawa kwa ruhusa. Watetezi wa amri walisema inalinda mila, maana zamani wanawake hawakupiga ngoma ya mfalme. Hilo la zamani ni kweli. Lakini katika miaka ya karibuni vikundi vya wanawake wapigaji vilikuwa vimekwisha tokea, na watu walikuwa wakibishana juu yao kama watu wa duara wanavyobishana.

Kuna tofauti kati ya adabu na amri, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha mazungumzo ya leo. Adabu hulindwa na waliomo ndani ya duara. Anayeivunja huchekwa, huimbwa, au hunyimwa zamu. Na siku wenyewe wakiona imechakaa huibadili, kama akina mama wa lelemama na wa Bomba walivyofanya kwa kuanzisha duara lao. Amri hutoka nje ya duara, na aliyeitoa hashiki ngoma wala haitikii. Adabu inaweza kuwa na dhuluma ndani yake, nimekwisha sema, lakini dhuluma hiyo ina mahali pa kubishaniwa. Amri haibishaniwi katika wimbo.

Ndiyo maana nasema sisi wa mijini tuangalie. Tukiziacha adabu za duara zife kwa uvivu wetu, hatutabaki na ngoma iliyo huru, bali na ngoma isiyokuwa na mlinzi, na kitu kisicho na mlinzi humilikiwa na mwenye fedha au mwenye cheo. Tayari mwenye fedha anaamuru wimbo, na mwenye cheo anaamua dakika.

Nini kifanyike? Mambo ni madogo na kila mmoja anayaweza. Ukialika kikundi cha ngoma katika arusi yako, wape muda wa kupasha ngoma zao na muda wa kucheza mpaka wimbo uishe. Waulize duara liwe wapi kabla hujapanga viti. Ukifika ukakuta ngoma imeanza, simama pembeni kwanza, uyasikilize mapigo na uushike mwitiko. Ukitaka kupiga, mwombe mpigaji, na akikupa ngoma ya kushika mapigo usiione ndogo. Ukiingia kucheza, cheza, kisha toka. Ukitunza, tunza na urudi mahali pako. Simu yako na ikae upande wa waitikiaji.

Na watoto wetu tuwafundishe kuitikia kabla ya kuwafundisha kupiga. Mtoto anayejua kumngojea manju amalize ubeti, akajibu kwa wakati wake, akampisha mwenzake katikati, atakuwa amejifunza jambo ambalo atalihitaji katika mkutano wa mtaa, katika chama cha ushirika na hata Bungeni, ambako nako tunawasikia watu wazima wakishindwa kungojea zamu.